Nilimfundisha Kusoma Bila Kusimama

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kina mlango mmoja, dirisha moja na benchi la wateja. Cherehani iko dirishani, kwa sababu macho yangu yanataka mwanga. Ukutani nimetundika nguo zilizokwisha: magauni, sare za shule, na koti moja ambalo mwenyewe amelisahau tangu mwaka juzi. Kwenye kona kuna meza ya pasi. Hapo ndipo mjukuu wangu alipokuwa akinisaidia kila Jumamosi.

Wakati huo mjukuu wangu alikuwa darasa la sita. Ana sauti nzuri, inayofika mpaka barabarani. Mimi niliishia darasa la saba, nikaingia kwenye sindano. Kumsikia mtoto wa nyumba yangu akisoma kulinipa raha kubwa. Basi nilikuwa namsimamisha mbele ya benchi na kumwambia, "Wasomee wageni."

Naye anasoma. Gazeti, kitabu cha shule, karatasi iliyofungia vifungo, chochote kile. Anasoma haraka kama anakimbizwa. Wateja wanapiga makofi. Fundi viatu wa chumba cha pili alimpa jina la Redio.

"Redio yako haina mikwaruzo, fundi!" alikuwa akisema. "Nikifumba macho nadhani ni taarifa ya habari."

Nami kichwa kinavimba.

Sasa nitasema jambo ninaloona aibu kulisema. Mezani nilikuwa na rula ya mbao ya kupimia kitambaa. Mtoto akisimama kwenye neno, niligonga meza kwa ile rula. Ko! Maana yake, endelea. Hapo mwanzo alikuwa akiniuliza, "Bibi, neno hili maana yake nini?" Nikamjibu, "Wewe soma tu, watu wanasikiliza." Baada ya muda hakuuliza tena. Nikadhani amekuwa hodari.

Mwalimu wake aliwahi kuniandikia barua fupi. Ilisema, "Mtoto anasoma kwa sauti vizuri, lakini hawezi kujibu maswali ya habari aliyoisoma. Naomba tuonane." Niliikunja nikaitia kwenye kopo la vifungo. Nikasema moyoni, huyu mwalimu ana lake jambo.

Kisha likaja gauni la dada wa duka la dawa.

Dada huyu anauza dawa mtaa wa pili. Alikuwa amemaliza masomo ya jioni ya miaka mitatu, na mahafali yalikuwa karibu. Aliniletea kitambaa chepesi cha buluu, kinachoteleza mkononi kama maji. Kilikuja na karatasi ya maelezo. Nilikishona siku nne. Nilitia bitana, nikapiga pindo kwa mkono, nikaweka vifungo kumi na viwili vidogo kama punje za mahindi. Likabaki kupigwa pasi tu.

Jumamosi hiyo benchi lilijaa. Nami nikapenda watu wasikie.

"Mjukuu wangu, tusomee karatasi ya kitambaa, halafu upige pasi."

Akasimama wima. "Kitambaa hiki kipigwe pasi yenye joto ha… hafi…"

Ko! Nikagonga meza.

"Hafifu!" akamalizia mbio. "Kigeuzwe ndani nje. Kitandikwe kitambaa cha pamba juu yake."

"Hiyo ndiyo Redio!" fundi viatu akasema. Watu wakapiga makofi.

Mtoto akawasha pasi. Akaiweka kwenye moto ule ule tunaopigia sare za shule. Sikutazama. Nilikuwa bado natabasamu na wageni. Mara nikasikia harufu ya kuungua. Nilipogeuka, mtoto alikuwa ameinua pasi juu, mdomo wazi. Kifuani pa gauni palikuwa na tundu lenye umbo la pasi. Kingo zake zilijikunja, nyeusi.

Na dada wa duka la dawa akaingia wakati huo huo.

"Shikamoo, bibi. Mbona kunanuka…" Akaliona gauni lake. Akagusa kingo za lile tundu kwa kidole. Heri angepiga kelele.

"Karatasi mliisoma?" aliuliza mwishowe.

"Imesomwa!" fundi viatu akajibu. "Sisi sote mashahidi. Tena haikukwama hata mara moja."

"Nisomee tena, mdogo wangu."

Mtoto akasoma tena, kwa sauti ile ile nzuri.

"Sasa niambie kwa maneno yako. Imekuambia ufanye nini?"

"Imesema… tupige pasi."

"Pasi ya moto kiasi gani?"

"Yenye joto hafifu."

"Joto hafifu ni joto la namna gani?"

Mtoto alinitazama mimi. Kisha akasema polepole, "Kali?"

Benchi zima likacheka. Mtu mmoja akasema, "Kumbe redio inasema tu, haijui inachosema!" Mtoto akafunika uso kwa viganja.

Dada hakucheka. Akanigeukia. "Na wewe, bibi? Neno hilo hulijui?"

Nilikuwa nalijua. Hafifu ni kidogo, bila nguvu. Nalijua tangu utoto. Mtoto alisimama pale pale palipokuwa na shida, nami nikamgongea rula apite. Nilisikiliza sauti, sikusikiliza maneno. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na cherehani yangu.

"Nitakushonea jingine," ndilo jibu pekee nililopata.

Tangu siku hiyo mjukuu wangu alikataa kusoma. Shuleni watoto walimwita, "Redio imeisha betri!" Akirudi nyumbani anasukuma vitabu chini ya kitanda. Nikimwambia asome, anasema kichwa kinamuuma. Mchangamfu yule akawa anakaa na kutazama vidole vya miguu yake.

Niliitoa ile barua kwenye kopo la vifungo, nikaenda nayo shuleni. Ilikuwa na alama ya mkunjo kama shati la zamani. Mwalimu aliitazama, akatazama tarehe, lakini hakunisema.

"Mtihani wa kusoma ni baada ya wiki sita," aliniambia. "Utafanyika darasani, mbele ya wazazi. Kila mtoto atasoma habari na kujibu maswali. Kwa hali yake ya sasa, bibi, atarudia darasa."

Nikaondoka nimeinamisha kichwa. Nilipomaliza gauni jipya, nililipeleka mwenyewe duka la dawa.

"Mwanangu, nisamehe," nilimwambia dada. "Lakini nieleze. Kwa nini ulimtaka mtoto aseme kwa maneno yake?"

"Ndiyo kazi yangu, bibi. Nikimpa mtu dawa, namwambia anieleze atakavyoimeza. Akirudia maneno yangu kama yalivyo, najua bado hajaelewa. Akisema kwa maneno yake, moyo wangu unatulia."

"Na neno asilolijua?"

"Asimame hapo. Atazame maneno ya kabla na ya baada, akisie maana. Kisha aulize au afungue kamusi, aone kama amekisia sawa. Halafu alitumie neno hilo kwenye mazungumzo yake siku hiyo, lisipotee." Akanitazama. "Lakini kwanza lazima awe huru kusimama. Nani amemzuia?"

Nilitazama chini. "Mimi."

Jumamosi iliyofuata nilingoja benchi lijae. Mjukuu wangu alikuwa kwenye kona akikunja nguo, amewapa watu mgongo. Nikachukua gazeti.

"Leo nasoma mimi," nikasema.

"Makubwa!" fundi viatu akacheka. "Redio ya zamani hiyo, itashika stesheni kweli?"

Nikasoma polepole, kidole kwenye mstari. "Biashara ya pamba ime… imedorora." Nikasimama. "Neno hili silijui."

Watu wakatazamana. "Fundi, hata wewe?" mteja mmoja akauliza.

"Hata mimi. Tena leo nasema mbele yenu wote. Gauni lile niliunguza mimi. Mtoto alisimama kwenye neno, nikamgongea meza apite. Kama ni kucheka, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nikaendelea kusoma. "Imedorora mwaka huu. Wanunuzi ni wachache, na pamba imejaa maghalani." Nikauliza, "Sasa imedorora ni nini jamani?"

Sauti ndogo ikatoka kwenye kona.

"Bibi, soma tena hapo kwenye maghala."

Nikasoma tena.

"Kama wanunuzi ni wachache na pamba imejaa ndani," alisema bila kugeuka, "basi biashara haiendi. Imedorora ni imelegea. Imerudi nyuma."

"Tutajuaje kama ni kweli?"

Akageuka. "Si tukamuulize dada? Ana kamusi."

Alikwenda mbio, akarudi mbio. Alikuwa amekisia sawa. Siku nzima alilitumia lile neno. Aliniambia kazi ya fundi viatu imedorora kwa sababu anashinda kwenye benchi letu. Fundi viatu mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

Toka hapo tulisoma kila siku baada ya shule, ukurasa mmoja tu. Kwanza tunatazama kichwa cha habari na kukisia itahusu nini. Kisha anasoma fungu moja, anafunga kitabu na kunieleza. Maneno mapya tunayaandika kwa chaki kwenye ubao uliozungushiwa jora la kitambaa lililokwisha, tuliouegemeza ukutani.

Haikuwa rahisi. Alizoea mwendo wa mbio. Siku moja dada alikuja akampa habari ya kisima. "Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi maji ya kisima yalikuwa yametibuka. Mama akayaacha ndooni mpaka tope likatulia." Mtoto akapita juu ya yametibuka kama vile hakuliona.

"Rudi," dada akasema. "Maji yalikuwaje?"

"Yalikuwa… mengi?"

"Nani amesema mengi? Tafuta ndani ya habari. Kwa nini mama aliyaacha kwenye ndoo?"

Mtoto akauma mdomo. Machozi yakamlenga. Mkono wangu ukataka kumsaidia, nikaukalia.

"Tope," akasema. "Lilikuwa limechanganyika na maji. Mvua ililikoroga. Yametibuka ni hivyo, yamekorogeka?"

"Umelipata mwenyewe," dada akasema. "Sikukuambia kitu."

Wiki sita zikafika. Darasani wazazi tulikaa kwenye madawati madogo, magoti yakigusa kidevu. Watoto wote walipewa habari ile ile. Mmoja mmoja walisimama, wakasoma mbio. Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu alipouliza swali, wengi walitazama dari.

Mjukuu wangu akasimama. "Daraja lilivunjika. Magari hayakupita tena. Chumvi ikawa adi… adimu."

Akanyamaza.

Mama mmoja akaninong'oneza, "Wako amekwama, masikini." Joto la aibu likanipanda usoni, lile la zamani. Nilitaka kumpigia kelele aendelee. Nikafunga mdomo.

Mtoto alirudisha kidole nyuma. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Ukapita muda mrefu. Nyuma yetu watoto wakacheka.

"Mwalimu," akasema, "neno hili sikulijua. Lakini daraja limevunjika, kwa hiyo chumvi haiji. Adimu ni kitu kisichopatikana kwa urahisi. Nimekosea?"

"Hukukosea. Endelea."

Akasoma mpaka mwisho, taratibu. Mwalimu akamwambia afunike karatasi na aeleze.

Akaeleza kwamba mwenye duka alibaki na chumvi kidogo, akaigawa kijiko kimoja kwa kila nyumba. Siku daraja lilipotengenezwa, watu walimkuta anakula chakula kisicho na chumvi, kwa sababu alisahau kujihesabu mwenyewe.

"Alisahau kweli?" mwalimu akauliza.

"Habari inasema alisahau," mtoto akajibu. "Lakini mimi naona alijua. Hakutaka watu waone haya kuchukua fungu lake."

Mwalimu akaandika alama, akanigeuzia karatasi nione. Amepanda darasa. Wale waliokuwa wakicheka walimkodolea macho. Walikuwa wameisoma habari hiyo wote asubuhi ile, na sasa ndiyo kwanza walikuwa wakiisikia.