Siku ya Tatu Tulimpa Jembe

Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilikuwa sebuleni kwangu, Troyeville, na watoto saba wa majirani. Wazazi wao ni Wakongo na Watanzania, lakini wao wamezaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili wanakisikia, ila ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza. Ndiyo maana nawafundisha. Nimefundisha watoto wadogo miaka thelathini na mmoja, na nimejifunza kwamba lugha huanzia mlangoni.

Siku hiyo somo lilikuwa hodi. Niliwaambia, ukifika kwa watu unabisha mara tatu. Usipoitikiwa, unaondoka. Na wewe uliye ndani, ukishasema karibu, huyo ni mgeni wako. Huwezi tena kumfukuza.

"Eish, bibi," akasema Chiku, kwa neno lake la mshangao la mitaa ya hapa, "si kuna kengele?"

Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka. Chiku ni mjukuu wa dada yangu, ana miaka sita. Alikuwa akichora mlango kwa mkono wake wa kushoto, ulimi nje. Watu wengi walikuwa wamemwambia mama yake amzoeze mkono wa kulia. Mimi nilikataa. Mtoto aandike kwa mkono aliopewa.

Kabla sijamjibu, baba yake, Othmani, aliingia bila hata kubisha.

"Mama mkubwa, nimeshinda!"

"Umeshinda nini, wewe usiyejua hodi?"

Othmani ana karakana ya baiskeli Malvern, kwenye Barabara ya Jules. Alikuwa ameshiriki mashindano ya baiskeli, akamaliza karibu na mkia, lakini namba yake ikatoka kwenye bahati nasibu. Zawadi ilikuwa safari ya watu wawili, siku kumi, kisiwa cha Sisili, Italia. Asubuhi unaendesha baiskeli taratibu, mchana unaipakia kwenye treni, jioni unashuka mji mwingine wa kale.

"Fauzia hajapumzika tangu tufunge ndoa," alisema. "Chiku atakaa na wewe. Sharp?"

Nikasema sharp, yaani sawa. Neno hilo lilimfurahisha Chiku wiki nzima.

Waliondoka mwezi wa sita, baridi ikiwa imetukaba na ardhi imekauka kama tofali. Kila jioni Fauzia alituletea picha kwenye simu: makanisa ya mawe ya rangi ya asali, ngazi ndefu, Othmani akila aiskrimu kwa mkate. Saa za kule, majira hayo, ni zilezile za kwetu. Nilimwonyesha Chiku: hapa saa sita, kwa mama saa sita.

Siku ya sita, saa sita mchana, Chiku alikuwa mezani akikata karatasi. Mkasi ukasimama.

"Bibi, mama amesema karibu," aliniambia kwa Kiingereza. "Lakini mimi niko huku."

Nilidhani anacheza. Nilipomshika mkono, ulikuwa wa baridi mpaka kwenye kiwiko.

Yaliyotokea kule Fauzia alinisimulia waliporudi, macho yake yakiwa sakafuni. Walikuwa katika mji mdogo juu ya kilima, ambao sitautaja. Othmani alikuwa ameshuka stesheni kuuliza habari za treni. Yeye alibaki chumbani, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene. Saa zile kule kila kitu hufungwa. Madirisha, maduka, hata mbwa hawapiti. Jua lilikuwa la utosi.

Akasikia mtoto mlangoni.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya Chiku. Ilisikika wazi, kila herufi mahali pake. Fauzia alijua mwanawe yuko kwangu. Lakini mama aliyemkumbuka mtoto hapigi hesabu. Ilipobisha mara ya tatu, alikuwa ameshasema:

"Karibu, mwanangu."

Mlango haukufunguka. Hakuna aliyeingia.

Walipoondoka jioni ile, baiskeli ya Fauzia ilikuwa nzito. Othmani alikagua tairi la nyuma. Lilikuwa limebonyea. Alilijaza upepo, akatafuta pancha kwenye ndoo ya maji, hakuona hata povu moja. Fauzia alipoishika baiskeli ili aondoke, tairi likabonyea tena, kama baiskeli iliyopakia mtu nyuma. Ndani ya treni, mkagua tiketi alionyesha vidole vitatu. Othmani akamwonyesha viwili. Yule mzee akatabasamu, akanyoosha mkono juu ya kiti kitupu kando ya Fauzia, akapapasa hewa.

Kwa kimo cha kichwa cha mtoto.

Wakati huo mimi nilikuwa zahanati. Chiku hakuwa na homa, hakuwa na kikohozi. Mzani ulisema kilo kumi na sita. Mwezi uliotangulia alikuwa kumi na tisa. Kesho yake alikuwa kumi na tatu. Daktari alibadilisha mzani, akampima damu, akampima mkojo. Hakuona kitu. Jioni nilipomnyanyua kumlaza, nilimnyanyua kwa mkono mmoja, kama kapu la nguo kavu.

Nikawapigia wazazi wake. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilipiga kelele, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtoto kelele.

Walitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi kwangu. Fauzia alimkumbatia mwanawe akalia bila sauti. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi. Nilikwenda kuufunga, ukakawia kidogo mkononi mwangu, kama unavyokawia mtu akiwa bado anapita.

Siku ya kwanza tulimwita ustadhi, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili jirani yangu, Mama Jeanne, fundi cherehani kutoka Bukavu, alileta akina mama wa kanisa lake. Wakaomba wakiwa wamepiga magoti tangu asubuhi mpaka jioni. Chiku akashuka hadi kilo kumi na moja. Hakuweza tena kunyanyua mkasi. Mezani kulikuwa na kiti ambacho hakuna aliyekikalia, na sahani tuliyoiweka hapo kwa kusahau ilikutwa tupu.

"Mwache yeye," Fauzia alikuwa akinong'ona kila chumba alichoingia. "Nichukue mimi. Jamani, nichukue mimi."

Mama Jeanne alinivuta jikoni.

"Mwalimu, tunaomba bule. Huyu haikuingia kwa nguvu. Mugeni mwenye ulikaribisha, hauwezi kumufukuza."

"Basi tufanye nini?"

Jibu analijua kila mtoto wa Kiswahili, na nimeliandika ubaoni mara mia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mama Jeanne ana jembe. Analima lengalenga, mchicha wa kwao, nyuma ya nyumba yake. Siku ya tatu, saa sita mchana, tulilipeleka uani kwangu. Othmani alikuwa amekwenda kumleta daktari mwingine. Fauzia hakuweza kusimama peke yake, kwa hiyo nilimshika upande huu na Mama Jeanne upande ule. Chiku tulimwacha kwenye kochi.

Peke yake. Muda wa kusema maneno machache tu.

"Mgeni wetu," Fauzia alisema, "siku mbili zimekwisha. Jembe lako hili."

Tukaliegemeza ukutani. Tukarudi ndani, nikafunga mlango kwa ufunguo na komeo.

Chiku alikuwa ameketi. Alikuwa akitutazama. Nilimpakata, na mapaja yangu yakahisi uzito. Uzito wa kweli, wa mtoto mzima. Mashavu yalikuwa na joto. Fauzia alianguka magotini akimshukuru Mungu.

Kisha tukasikia jembe.

Lilikuwa likilima. Pigo moja, kimya kirefu. Pigo jingine. Mtu asiye na nguvu. Mtu ambaye jembe limemzidi.

Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Hatukuthubutu kwenda dirishani. Mapigo yakapungua. Yakakoma.

Mlango ukaguswa.

"Hodi."

Sauti ya Chiku. Fauzia akaziba masikio.

"Hodi."

Iliyumba safari hii. Mtoto aliyekuwa mikononi mwangu akaleta mdomo sikioni pangu.

"Usiitike, bibi," akaninong'oneza. "Mara tatu, kisha ataondoka."

Nikajivunia. Mungu anisamehe, nilijivunia. Nilisema moyoni, kumbe somo lilimwingia.

Mara ya tatu ilikawia. Ilikuja chini kabisa, karibu na kizingiti.

"Eish, bibi. Hodi."

Hatukuitika.

Othmani alipofika na daktari alikuta uani pamelimwa mstari mmoja mfupi, umepinda, na jembe limelala kando. Chiku alipimwa palepale. Kilo kumi na tisa. Daktari alikasirika, akauliza tumemwitia nini. Othmani alimbeba mwanawe mabegani akazunguka naye nyumba nzima. Fauzia alilala usingizi wa kwanza baada ya siku nne.

Mimi niliosha vyombo. Nilikuwa na sahani mkononi. Ndipo neno lile likanirudia.

Eish.

Aliyebisha kule Sisili hakulisema. Hilo lilikuwa neno la Chiku.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuja. Chiku alibisha hodi mara tatu, vizuri, akangoja. Kiswahili chake sasa hakina kasoro. Kiingereza hakitumii kabisa, na wenzake wanakaa mbali naye kidogo, hawajui kwa nini. Nilimpa kalamu achore mlango.

Aliipokea kwa mkono wa kulia.

Fauzia anasema ni ugonjwa ndio umembadilisha. Anamsuka nywele, anamwimbia. Akinikuta namtazama mtoto, ananiomba kwa macho nisiseme. Sijasema.

Kwenye mlango wangu wa uani, upande wa nje, chini, kuna alama ya kiganja cha tope. Kidogo, cha kushoto. Othmani alitaka kukifuta, nikamzuia. Kila siku saa sita mchana nafungua mlango ule, nasimama nikitazama ule mstari uliopinda.

"Karibu," nasema. "Karibu, mjukuu wangu. Bibi yuko hapa. Karibu."

Mvua haijanyesha Johannesburg tangu mwezi wa tano. Ardhi ya uani ni ngumu, jembe la Mama Jeanne linaruka. Lakini leo, nilipokigusa kile kiganja, tope lilikuwa bichi.