Akipanda Yeye

Naomba radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Sauti imenikauka, na siku hizi kila nikifungua kinywa mbele za watu, kabla sijafika penye utamu nimeshatupiwa jiwe. Lakini liwalo na liwe. Kaeni, na huo mlango uacheni wazi kidogo.

Palikuwa na fundi wa cherehani, mwembamba hata watu wakamwita Fundi Sindano, aliyeishi na mkewe ndani ya basi kuukuu lililong'olewa viti. Nyumba nyingine hawakuwa nayo. Leo mnada huu, kesho gulio lile. Mume anatengeneza mashine za watu, mke anashona, jioni wanapika palepale nyuma ya kiti cha dereva.

Basi lilikuwa dogo, hivyo walijiwekea sheria. Kila kitu na msumari wake ukutani: sufuria, mkasi, koti, hata mwavuli. Na kikipanda kimoja, kinashuka kimoja. Redio ilipopanda, kigoda kilishuka. Mama mkwe alipotaka kupanda, Fundi alianza kuhesabu misumari kwa sauti, mpaka mama wa watu akakumbuka ana safari nyingine.

Alasiri moja ya mvua walisimama kando ya barabara kufunga turubai lililolegea juu ya paa. Fundi aliporudi, amelowa chapachapa, akamkuta mbwa wa kijivu mbele ya ngazi. Ameketi tu, kama abiria aliyekwisha kata tiketi. Na alikuwa mkavu. Mvua inamwagika kama bomba limepasuka, na yule mbwa hana hata tone sikioni.

"Masikini wa Mungu," mkewe alisema. "Fundi, tumchukue."

"Bibie, kazi ya mbwa ni kula, kulala na kunguruma. Nafasi hiyo imeshajazwa. Ninayo mimi."

"Atatulinda. Juzi tu wametuibia tairi la akiba, na sisi tumo humuhumu! Wewe ukilala, hata treni ikupite kifuani husikii."

"Na tukiingia mjini tumfunge wapi? Akiugua njiani? Akituzoea, halafu tumwache? Mbwa si cherehani, bibie, useme utamsahau kwa mteja."

Mkewe aliitazama barabara. "Nimechoka kuongea na barabara, mume wangu," akasema polepole.

Hilo lilimchoma Fundi. Naye alikuwa mtu ambaye jambo likimchoma, hutania.

"Haya. Sheria unaijua. Akipanda yeye, nashuka mimi."

Mkewe akacheka. Mbwa akainua kichwa, akamtazama Fundi machoni kama mteja aliyesikia bei anayoitaka, akapanda.

Hakunuka mbwa. Alinuka mafuta ya cherehani na tumbaku: harufu ya Fundi mwenyewe.

Asubuhi koti la Fundi halikuwepo kwenye msumari wake. Palining'inia kamba ya mbwa.

"Ningeitundika wapi?" mkewe akashangaa. "Palikuwa wazi."

Baada ya koti, kikombe. Baada ya kikombe, ndala. Gulioni wateja wakawa wanamwamkia mkewe na kumpita yeye kama nguzo. Akiuliza jambo, jibu lilichelewa, kama simu ya mbali. Mwisho likakoma kabisa.

"Bibie, chumvi iko wapi?"

Mkewe anamenya viazi, anaimba.

"Bibie, unanisikia? Nimekukosea nini?"

Akapunga mkono sikioni, kama aliyepitiwa na mbu.

Magharibi moja mvua ilirudi. Fundi alikuwa kwenye kiti cha dereva, mahali pekee palipobaki pake, aliposikia nyuma ya pazia cherehani ikikanyagwa, taka-taka-taka, mguu wa fundi hasa, usiosita penye pindo, na mkewe yuko hapahapa mbele, mikono yote miwili ndani ya karai la vyombo, na sauti ile ikaendelea, na ile harufu ya mafuta na tumbaku ikaja ikitambaa sakafuni mpaka miguuni pake, na alipovuta pazia kwa vidole ambavyo hata yeye sasa aliviona kwa shida, mbwa alikuwa ameketi nyuma ya mashine, wima, mguu mmoja juu ya kanyagio, uzi mpya umekwisha tungwa kwenye sindano, wala hakugeuka, na mkewe akasema kutoka mbele, kwa ile sauti ambayo Fundi alikuwa akisemeshwa nayo yeye tu, taa zikizimwa, tangu ujana wao:

"Pumzika sasa, mume wangu. Umeshona kutwa."

Fundi alipiga yowe. Safari hii mkewe alishtuka, karai likamwagika.

Kesho yake akamleta mganga.

"Kuna kitu humu," alimnong'oneza. "Kinaniita. Kinalia kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Nisaidie, mama, naogopa kubaki humu hata mchana."

Mganga alikuwa bibi mnene wa miwani, chetezo kinafuka mkononi. Fundi alitamani kumkumbatia. Hatimaye! "Mama, ni huyo mbwa! Huyo hapo, mtoe!"

"Mnaishi wangapi?" mganga akauliza.

"Wawili. Mimi na mume wangu." Na mkewe akaweka kiganja juu ya kichwa cha kijivu.

Mganga akatazama ukutani. "Kila kitu na msumari wake? Mmenirahisishia kazi, mwanangu. Kisicho na msumari ndicho mgeni."

Akaanza kupita. Akagusa sufuria, akagusa mkasi, akagusa kamba ya mbwa, akaitikia kwa kichwa. Fundi alijibandika ukutani akipapasa, akitafuta japo kitundu cha msumari kilichowahi kuwa chake. Hapakuwa na kitu. Moshi ukamwingia puani kama mchanga wa moto.

"Bibie, ni mimi! Nilikuwa natania! Mwambie nilikuwa natania!"

"Toka," mganga akasema, bila hasira, kama anayefukuza kuku jikoni.

Na miguu ya Fundi ikamtii mganga.

Mganga naye akashuka, akafungua mwavuli, akaenda zake. Mlango ukafungwa. Basi likawaka. Mkewe hakujua kuendesha gari. Lakini gia ya kwanza iliingia laini, bila kukwaruza, jambo ambalo Fundi hakuwahi kuliweza.

Alilikimbiza mpaka pumzi ikamwisha. Alipoita jina la mkewe, kilichotoka kinywani hakikuwa jina. Akaketi kando ya barabara. Mvua ilikuwa inamwagika. Akajitazama: mkavu.

Gari lililofuata lilikuwa la mchekeshaji wa jukwaani, anayezunguka miji na mkewe na sanduku la mavazi. Mke ndiye aliyemwona kwanza. "Masikini," akasema, "tumchukue." Na mchekeshaji, mtu wa mdomo usio na breki, akatafuta la kuchekesha.

Ndiyo maana nikasema nitaiharibu: watu hunisikia nikibweka tu. Nilisimuliwa na Fundi mwenyewe, amevaa koti langu, akiniomba radhi kupitia dirisha la gari langu. Simlaumu. Maisha yangu yote nililalamika kwamba hakuna anayeyachukulia maneno yangu kwa uzito. Na alipotokea mmoja, nilimfungulia mlango mwenyewe.