Mstari Uliongoja Jibu

Jioni ile nilitoka kuanua udaga wa muhogo niliouanika juu ya jiwe, nyuma ya nyumba yetu Kishapu. Wingu lilishafunga. Upepo ulishaanza kubeba vumbi.

Nikajisemea tu, kwa mazoea:

"Mvua yaja toka mbali..."

Huo ulikuwa mchezo wetu, mimi na mume wangu Donatus. Dhoruba ikija, mmoja anatoa mstari, mwenzake anautafutia kina. Hata alipokwenda kuchimba dhahabu Segese tulitungiana kwa simu, yeye akicheka, radi zikimkatakata sauti.

Mwaka jana mvua ililijaza maji duara lake, lile shimo la kuchimbia, akiwa chini. Wenzake walitolewa. Yeye hakuonekana. Wengine walisema ni maji tu. Wengine walinong'ona kwamba alitolewa kafara, dhahabu ipatikane.

Tulizika shati lake.

Niliinama kuokota kipande cha mwisho cha udaga.

"...upepo wake mkali."

Nyuma yangu. Karibu kabisa.

Sauti ya Donatus.

Nikasikia harufu ya tope na baruti, ile aliyokuwa akirudi nayo nyumbani. Sikugeuka. Nilikimbia ndani, udaga ukamwagika.

Mama mkwe alikuwa akichochea moto. Aliniangalia mara moja, akainuka, akasukuma komeo.

"Mama... ni Dona..."

"Nimemsikia," akanong'ona.

Matone yakaanza kupiga bati. Kisha, kutoka nje, polepole, kama mtu anayegonganisha meno kwa baridi:

"Giza limenizunguka..."



Alikuwa anangoja jibu. Nilitaka kumjibu, jamani. Nilitaka, hata kama ni kufa. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chenye majivu.

"Usijibu, Mama Limi. Una mtoto."

"Giza limenizunguka..."

Sasa alikuwa analia.

Mama akaondoa kiganja mdomoni pangu. Akajifunga khanga yake vizuri, kama anayekwenda kupokea mgeni.

"Mama, usitoke!"

"Limi usimwache," alisema, akafungua komeo.

Radi ikamulika uwanja mzima. Sikuona mtu. Nilimsikia tu mama akijibu, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mama yako nimefika."

Mvua ikakatika.

Nilimkuta nje ameketi, ameegemea ukuta, mikono ameikunja kifuani kama aliyepakata mtoto. Hakuwa na pumzi. Daktari alisema ni moyo. Lakini miguu yake ilikuwa na tope jekundu kama la kule Segese, hadi magotini, na udongo wa uwanja wetu ni mweusi. Nilimwosha mwenyewe. Lile tope lilikuwa la baridi mno.

Siku ya mazishi wifi yangu Justa alilia begani kwangu nilipomsimulia.

"Donatus alikuwa mwoga wa radi utotoni," alisema. "Akitoa mstari huo kitandani huku analia, mama anamjibu vilevile. Kwani wewe hukuujua?"

Sikuujua. Miaka yote ile ya kutunga, hakuwahi kunipa mstari ule.

Jioni dhoruba ikaja tena. Nilimlaza Limi, nikafungua mlango, nikatoa mstari wangu wa mvua. Nikasimama pale kizingitini mpaka tone la mwisho likadondoka kutoka batini.

Hakuna aliyenijibu.