Diski Isiyopenda Kukaa Tupu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya malori ya Lusahunga wakati Telesfori alipoingia kwenye kibanda cha fundi Danstan, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Alikuwa ametoka Bugarama tangu asubuhi. Vumbi la kiangazi lilikuwa limempaka mpaka kwenye kope.

Danstan akaiwasha, akainama, akatega sikio.

Tk... tk... tk.

"Unasikia, mwalimu? Diski ya ndani inagonga. Ikianza hivyo, ujue inaaga. Halafu umeijaza mpaka pomoni. Tafuta eksteno, diski ya nje, uhamishie vitu vyako leo hii hii. Mimi zimeniishia."

"Nikifika nayo nyumbani kwanza?"

"Kwa barabara ile? Itafika maiti."

Danstan alisema neno hilo kwa mzaha. Telesfori hakucheka.

Alikuwa mwalimu wa kwaya, na laptopu ile kuukuu ilibeba miaka yake yote ya kurekodi kwaya za parokia. Zote zingepotea asingelia. Zote, isipokuwa video moja ya Pasaka. Humo mkewe Justina anaongoza wimbo, kisha wimbo ukiisha anafuta jasho, anamtazama mpiga picha na kusema: "Teles, zima hiyo, njoo ule."

Basi, ni hayo tu.

Justina alifariki masika yaliyopita. Tangu hapo, kila jioni, Telesfori alipakua chakula, akafungua video ile, akasubiri kuitwa, ndipo akala. Simu yake ilikuwa ya batani na isingeweza kuibeba. Wahenga walisema upweke ni uvundo, na wa kwake ulikuwa umeshaanza kuwafukuza majirani. Walikuja mwanzoni na ndizi na pole nyingi, wakamkuta anaongea na kioo, wakapunguza safari.

"Kuna mama anauza vitu kule kwenye maegesho ya malori," Danstan akamwambia akiwa anafunga kibanda. "Mgeni. Haongei na watu. Jaribu kwake. Ila mwalimu, fanya kopi. Usikate."

Alimkuta amekaa kwenye tofali kati ya malori mawili, gunia limetandazwa mbele yake: chaja, redio, rimoti. Miguu yake ilikuwa na matope. Telesfori aliyatazama matope yale, akaitazama ardhi. Lusahunga nzima ilikuwa haijaona tone la mvua kwa muda mrefu.

"Habari za jioni, mama. Natafuta eksteno."

Mama yule alipapasa chini ya kitenge chake, akatoa diski ndogo nyeusi.

"Unamhamisha nani?" akanong'ona.

"Nani tena? Ni video tu."

"Hii haipendi kukaa tupu."

Telesfori akaipokea. Ilikuwa ya baridi, na ilinuka tope la mtoni. Angetumia akili angeirudisha palepale. Lakini tk, tk ile ilikuwa bado inamgonga kichwani, na mwenye shida hachagui sana.

Akachukua chumba cha uani kwenye gesti ya jirani. Hata viatu hakuvua. Akachomeka waya, taa ndogo ya diski ikawaka. Akaifungua. Hakukuwa na kitu ndani, hata faili moja. Harufu ya tope ikazidi, kama vile mtu ametoka kuoga mtoni na kusimama nyuma yake.

Akaiweka alama video ya Pasaka. Na hapo mazoea yakamponza. Miaka yote, akitoa picha kwenye kamera, alikuwa anakata na kubandika ili kamera ibaki nyeupe kwa Jumapili nyingine. Mkono wake ulifanya kazi uliyoizoea.

Kata. Bandika.

Ndipo maneno ya Danstan yakamrudia. Sasa Justina hakuwa huku wala kule. Alikuwa njiani, ndani ya waya, na mstari wa kijani ulikuwa unatambaa polepole.

Akamkumbuka bibi yake, aliyevuka kutoka Burundi na mzigo kichwani. Bibi alikuwa akiwaambia wajukuu kwamba nyumba haihamwi kimyakimya. Kabla ya kuondoka unasimama mlangoni, unawaita wafu wako, kila mmoja kwa jina lake: fulani, tunahama, twende. Usiyemtaja unamwacha. Bibi aliwataja wote usiku ule, na risasi zikilia bondeni.

Telesfori akajicheka. Mwalimu wa kwaya mzima, aanze kuzungumza na waya? Lakini je, kama bibi alikuwa anajua alichokuwa anasema? Nani angemwona humu?

Akasogeza mdomo. Jina likapanda, likafika kooni, likakwama. Tangu siku ya mazishi hakuwahi kulitamka. Alijikaza kisabuni, wapi. Machozi yalitoka, jina halikutoka.

"Twende," akanong'ona. "Twende basi..."

Mstari ukajaa. Laptopu ikaacha kugonga.

Nje ya dirisha, mtu aliyekuwa amesimama pale muda wote akaanza kuondoka. Chwa... chwa... chwa... Nyayo mbichi, kwenye ardhi kavu.

Telesfori akabonyeza video. Wanakwaya hao, na sare zao za bluu. Frida yupo. Zita yupo. Katikati yao, mahali pa Justina, palikuwa na pengo. Ilipofika zamu ya kiongozi, kwaya ikanyamaza kama ilivyofundishwa, ikasubiri.

Hakuna aliyeimba.

Kisha mtu akaingia kutoka pembeni. Kitenge kimelowa, kichwa kimeinama. Akapita mbele ya wanakwaya, wala hawakumtazama. Akaja. Akaja mpaka akajaza kioo chote.

"Teles."

Sauti ilikuwa ya Justina. Ileile, na kamkwaruzo kake ka mafua.

"Teles... usizime."

Akaunyofoa waya. Picha haikukatika. Akakibana kitufe cha kuzima mpaka kucha ikauma. Kioo kikawa cheusi ti, lakini gizani mle sauti ikaendelea, taratibu, bila ugomvi.

"Huku kulikuwa na baridi, Teles."

Alikesha uani, mgongo ukutani.

Kulipopambazuka alikimbilia kwenye maegesho. Gunia lilikuwepo, na chaja zake na redio zake. Mwenyewe hakuwepo. Danstan alikuwa anafungua kibanda.

"Yule mama? Ameondoka alfajiri na lori la kwenda Rusumo, mpakani, mali yake kaiacha hivihivi. Maajabu, mwalimu. Tangu aje hapa hajawahi kufungua mdomo, leo ameamka anaimba! Wimbo wa Pasaka, tena kwa sauti nzuri. Halafu akawa anazunguka kwa madereva, analia, anauliza kila mtu: 'Mmemwona Teles?'" Danstan akatikisa kichwa. "Sasa Teles ndiye nani?"

Danstan alimjua kama mwalimu tu.

Miguu ya Telesfori ikaanza kukimbia kabla kichwa hakijaamua. Akafika barabarani, akasimama katikati ya lami, akageukia upande wa Rusumo. Na jina likatoka. Sasa ndiyo likatoka, lote, kwa nguvu zote za kifua chake.

"Justinaaa!"

Matingo wawili wa malori wakamcheka. Barabara ilikuwa nyeupe, hata lori moja.

Alimpigia simu shangazi yake, Consolatha, mtu pekee aliyebaki wa kumweleza jambo kama hilo. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimtaja jina?"

"Sikuweza, shangazi."

"Basi ulisema twende, akaitikia aliyekuwa karibu. Naye wako amekwenda kuvaa mwili ulioachwa wazi. Mwanangu... hiyo diski itupe mtoni, Ruvubu. Leo, jua likiwepo. Na usiijibu."

"Na Justina?"

"Itupe kwanza," shangazi akarudia.

Alifika Bugarama jioni, Ruvubu ikiwa mbali na giza likiwa karibu. Laptopu ilikuwa imekufa moja kwa moja. Diski akaiweka mezani, peke yake, bila waya wowote. Kesho, akajisemea. Akapika ugali, akapakua, akakaa. Nyumba ilikuwa kimya namna ile anayoijua mfiwa, wakati hata panya wameona bora kwenda kwa jirani. Alijua mkewe yuko mahali fulani ng'ambo ya mpaka, kwenye mwili wa mtu mwingine, anauliza njia kwa watu wasiomjua. Alijua pia kilicho mezani si yeye. Shangazi alikuwa amemwambia vizuri, naye alikuwa amesikia.

Harufu ya tope ikajaa chumbani.

"Teles," sauti ikasema kwa upole. "Umekula?"

Telesfori akaitazama sahani yake. Tangu msiba, hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza.

"Bado," akajibu.