Mikono Isiyonukia Waridi

Kopo la nta safi ya waridi, ile ya kutengenezea manukato, lilikuwa limetoweka kwenye ghala la kiwanda. Kufuli halikuguswa. Mlinzi Nencho alikuwa ameketi juu ya ndoo, pingu mikononi, anatafuna jibini.

"Mzee, umeshikwa na bado unakula?" aliuliza Inspekta Zdravka Kaludova.

"Niache, afande. Jela hawana jibini ya kondoo."

Utani ulikuwa wa mdomoni tu. Funguo za ghala alizitunza yeye; leo hii angeweza kupoteza kazi ya miaka thelathini, na jina lake pia.

Zdravka aliwapanga wafanyakazi uani. Ilikuwa Mei, maua yameingia kwa magunia tangu alfajiri. Akaanza kunusa mikono, mmoja baada ya mwingine.

"Siku hizi polisi mnanusa wenyewe?" alicheka Ginka wa mizani. "Mbwa yuko likizo?"

"Amegoma. Lete mkono."

Waridi. Waridi. Waridi. Kisha Stoil, fundi mkuu wa mitungi ya kukamulia maua. Mikono mikavu, myeupe kama ya mwoka mikate, vidole vimepasuka. Hainukii chochote.

Akamvuta kando.

"Umenawa na nini, fundi?"

"Maji."

"Maji hayang'oi nta. Umenawa kwa heksani, kile kiyeyushi chenu."

Stoil alificha mikono mgongoni.

"Inakamua nta kutoka kwenye maua, kisha inaruka hewani isiache kitu. Kwako imeondoka na mafuta ya ngozi. Na kama ungewasha sigara?"

"Mimi? Niwashe?" Stoil alifura. "Mvuke wake unatambaa sakafuni, cheche moja tu, kiwanda hakipo! Nilinawia nje, penye upepo!"

Akatambua alichosema. Mabega yakashuka.

"Ungejiacha unuke kama wenzako," alisema Zdravka kwa upole, "nisingekujua."

"Niliazima funguo kwa Nencho, nikasema nakagua mapipa, akaniamini. Meneja aliniamuru nichanganye nta yetu na nta ya mishumaa. Mnunuzi anakuja Ijumaa. Nikaifukia chini ya makapi ya maua, ili mnunuzi aikute safi, nimweleze hila ya meneja."

"Na Nencho?"

"Nilidhani atafokewa tu. Nilipoona pingu, nilijuta."

"Utaandika maelezo. Na meneja ataandika marefu zaidi."

Zdravka alimfungua mlinzi, akamsimulia yote. Nencho alimwendea Stoil, akamtazama juu hadi chini.

"Mjinga wewe," alisema. "Ungeniambia, tungechimba wawili."