Kichupa cha Gegedu

"Zima lifti."

"Sindano, hao ni wagonjwa wa magoti!" Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye redio ya mkononi, Motorola.

"Ndiyo maana. Zima."

Lifti ikazimwa.

Jasusi Sindano alisimama chini ya ngazi, bastola yake ya Glock ndani ya koti, macho juu. Dakika tisa zilizopita mtu aliingia maabara ya ghorofani mwa hospitali, akamwaga dawa yote na kuchomoka na kichupa kimoja, lakini milango ya nje ilifungwa kabla hajatoka. Humo mlikuwa na seli hai za gegedu, ule utando mgumu unaozuia mifupa ya goti isisagane. Daktari wa maabara hiyo alihangaika miaka saba kuziotesha. Kampuni moja ya nje ilizitaka ziwe zake peke yake.

Walinzi walipekua mafriji. Wajinga! Seli hai hutaka joto la mwili. Ghorofani walibaki wagonjwa tu, na Sindano hakuwa na shaka kwamba mwizi alijichanganya nao, kichupa kikiwa chini ya bendeji ya goti. Lakini wenye bendeji walikuwa kumi na mmoja, na mwizi akihisi anapekuliwa angekivunja.

"Shukeni taratibu, wazee wangu. Lifti imegoma."

Fundi cherehani mstaafu alitangulia. Mguu mbovu ukashuka kwanza, mzima ukafuata. Goti linalobaki nyuma ndilo hujikunja na kubeba mwili, na mgonjwa wa kweli halibakishi goti bovu nyuma.

Wa pili, sawa. Wa tatu, sawa.

Wa nne alikuwa mama yake mzazi.

Sindano alimkagua kama wengine. Ilimuuma.

Wa nane alikuwa mzee wa kofia, mpiga kelele kuliko wote. "Mnatuua jamani! Goti langu!"

Bendeji ilikuwa mguu wa kulia. Ukashuka wa kushoto. Goti la kulia likabaki nyuma, likajikunja vizuri kabisa.

Ngazi ya pili, vilevile.

"Babu, nikushike mkono?"

Alimshika kweli. Sekunde mbili baadaye babu alikuwa kifudifudi, ndevu za bandia zikining'inia, na Sindano ana kichupa kizima mkononi, bado kina joto la mwili.

"Mkuu, ninacho. Washa lifti."

Daktari alikipokea akilia waziwazi.

Mama alikuwa kwenye benchi, akisugua goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yaani hata mimi ulinishuku?"

"Mpaka ngazi ya tatu. Hapo ulikunja uso."

Sindano akavaa miwani yake ya jua, akatoka.