Ufa Alioufunika Nestory

Nyinyi mnaomiliki magari na nyinyi mnaoyatengeneza, nisikilizeni. Hili halikutokea mbali. Limetokea hapa hapa Mkolani.

Asubuhi hiyo fundi Nestory alirudi nyumbani kutoka Buzuruga alikokwenda kununua vipuri. Kuku walikuwa wanachakura uani, nguo za binti yake Rose zimeanikwa juu ya mawe, chai yake imefunikwa mezani. Akaketi, akamimina, akaona maisha si mabaya. Ndipo jirani yake Dorcas alipomwita kutoka ng'ambo ya uzio.

"Shemeji, mkeo leo kapakiwa kama bibi harusi! Mwalimu Rweyemamu anaenda Geita, kampa lifti yeye na mtoto mpaka Busisi kwa mama yake."

"Kwa gari gani?"

"Si lile lile la zamani, ulilomtengenezea jana?"

Kikombe kilimponyoka mkononi.

Ngoja niwaeleze kwa nini. Gari la Mwalimu ni Peugeot 504, lina umri kumzidi Nestory. Lilikuwa linavuja oili kidogo kwenye gia boksi. Sasa Nestory alikuwa na tabia ambayo wengi wenu mnayo: kwake boliti haijakazwa mpaka ilie. Alichomeka bomba kwenye mkono wa spana ili aongeze nguvu, akavuta kwa uzito wake wote. Ganda la gia boksi ile ni alumini, halina ubishi wa chuma. Lilitoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinapokatika, na ufa mwembamba ukashuka kutoka kwenye tundu la boliti.

Alijua. Aliupitishia ukucha akauhisi. Lakini ganda jingine kama lile asingelipata Mwanza nzima, na tayari alisikia mafundi wenzake wakimcheka. Akapaka gundi ya chuma, juu yake grisi, juu ya grisi vumbi.

"Limepona, Mwalimu. Hili unafika nalo hata Bukoba."

"Ubarikiwe, mwanangu," mzee alimjibu, na akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Ndiyo maana kikombe kilianguka. Nestory alipiga simu ya mkewe Teodora. Haipatikani. Akapiga ya Mwalimu. Iliita mpaka ikakata, maana mzee yule akiwa kwenye usukani hapokei simu ya mtu yeyote. Alitoka mbio hadi barabarani akarukia pikipiki ya Masele, bodaboda wa mtaani.

"Kimbiza! Njia ya Kigongo!"

"Fundi, mke kakutoroka?" Masele alicheka. "Nimewaona wakipita, tena na mzee mwenye mvi! Pole, kaka."

"Nyamaza uendeshe!"

Kwenye tuta la Buhongwa aliona doa la oili, bichi, linang'aa. Tuta lililofuata, doa kubwa zaidi. Gundi ilikuwa imebanduka. Nestory aliliwaza daraja refu la juu ya ziwa, la kutoka Kigongo kwenda Busisi, akawaza magurudumu yakikamata katikati yake, malori yakija nyuma, Rose akiwa mapajani mwa mama yake.

Walipokata kona ya Usagara, madoa yalianza kupungua. Kisha hayakuwepo kabisa.

"Afadhali," Masele alipaza sauti. "Limeacha kuvuja!"

Lakini Nestory alielewa. Lilikuwa halivuji kwa sababu hakikubaki kitu cha kuvuja.

Walilikuta kabla ya daraja. Gia boksi iliyokauka oili ilikuwa imekamata, magurudumu ya nyuma yakagoma ghafla, gari likazunguka na kulala ubavu kwenye mtaro. Teodora alikuwa ameketi kwenye majani, mkono wake wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Rose alikuwa hai. Halii, hasemi, anatetemeka tu.

Mwalimu, damu usoni, alikuwa anamwambia askari wa barabarani, "Kosa ni langu, afande. Uzee huu. Nadhani nimeingiza gia vibaya. Mniandike mimi."

Hapo Nestory angeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, alinyamaza kwanza. Kisha akamwona mzee anamwinamia Teodora kumwomba msamaha, na akashindwa.

"Si yeye," alisema. "Ganda nililipasua mimi jana. Nikaliziba, sikusema."

Mwalimu aligeuka akamtazama. Teodora ndiye aliyesema.

"Baba Rose, ulijua?"

"Sikujua kama utapanda wewe! Haki ya Mungu, mama Rose, ningejua ningekuzuia."

"Kwa hiyo angepanda mke wa mwingine, leo ungekunywa chai yako ukalala."

Nestory aliponyoosha mikono ampokee mtoto, Teodora alimkumbatia Rose kwa mkono uliobaki mzima, akamgeuzia mgongo. Mpaka leo Teodora yuko kwa mama yake Busisi, na mkono ule haunyooki.

FUNZO

Fundi, boliti inayoingia kwenye alumini hukazwa kidogo kidogo, kwa kupishanisha na zile za upande wa pili, mpaka ishike. Ikishika, acha. Bomba lako likae mbali.

Lakini kupasua si dhambi kubwa. Mkono wowote hukosea. Dhambi ni kufunika. Ukiharibu, sema siku ile ile, kabla mtu hajapanda. Mwenye gari atakutukana, na matusi yake yataisha. Wala usingoje kuogopa mpaka aliyemo ndani awe wako. Kila anayepanda gari ulilolitengeneza, kuna mtu nyumbani anamsubiri.